Mashine zikisimama, fundi mkuu wa kiwanda hufanya kazi gani?

Wasikilizaji wetu wanaoishi maeneo ya Arusha Chini, kusini mwa mji wa Moshi, wanalijua jambo hili. Masika yanapokolea, kiwanda cha sukari cha TPC kwa kawaida husimamisha uzalishaji. Mashamba yamelowa, miwa haiwezi kuvunwa na kusafirishwa vizuri, na mashine zinazokamua hunyamaza. Mtu wa nje hudhani kila mmoja amekwenda likizo. Kwa mafundi wa matengenezo, huo ndio wakati wa jasho kuliko wote.

Katika makala haya tunaeleza kazi ya fundi sanifu mkuu wa matengenezo kiwandani, na kwa nini wewe mwenye mashine ya kusaga Uru, au mwanachama wa kikundi cha kahawa Kibosho, unaweza kujifunza kwake.

Kwa nini kazi hii ina uzito?

Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari, kwa hiyo hauwezi kusubiri siku nyingi kukamuliwa. Kahawa nayo ni hivyo hivyo. Kahawa mbivu iliyochumwa leo inatakiwa imenywe leo. Ikilala kwenye gunia inachacha, ubora unashuka na bei inashuka nao. Mtambo wa CPU ukiharibika saa kumi jioni katikati ya msimu, wakulima wamesimama foleni na debe zao, hasara hiyo haimwangukii mwenye mtambo peke yake. Inaingia hadi kwenye ada ya shule ya mtoto wa mkulima.

Kiwandani hali ni nzito zaidi, kwa kuwa mashine zimefungamana. TPC, iliyoanzishwa mwaka 1930 na wawekezaji kutoka Denmark, huchoma makapi ya miwa kwenye boila ili kupata mvuke, na mvuke huo huzalisha umeme na kuendesha kazi nyingine. Katika mfumo wa namna hiyo, pampu moja ya maji ya boila ikigoma, haigomi peke yake.

Kwa hiyo fundi mkuu hapimwi tu kwa wepesi wa kutengeneza kilichovunjika. Anapimwa zaidi kwa mambo ambayo hayakutokea. Yeye ndiye anayeamua mashine isimamishwe leo kwa saa mbili, isije ikajisimamisha yenyewe wiki ijayo kwa siku tatu.

Anajuaje kwamba mashine inaumwa?

Mashine nyingi hutoa dalili kabla ya kuharibika. Beringi iliyoanza kuchoka hupata joto na kubadili mlio. Mkanda uliolegea huteleza, hutoa harufu ya mpira ulioungua na vumbi jeusi. Mota inayovuta umeme mwingi kuliko kawaida inasema kuna kitu kinaikaba. Fundi mzoefu husikiliza na kunusa, lakini haishii hapo. Hupima joto, mtetemo na umeme unaoingia, kisha huandika kwenye daftari la mashine. Joto la leo peke yake halisemi mengi. Likilinganishwa na la mwezi uliopita, ndipo linaposema.

Daftari hilo ndilo linalotenganisha fundi wa kawaida na fundi mkuu. Chukua mfano wa beringi iliyobadilishwa mara tatu ndani ya miezi sita. Fundi wa kawaida ataomba beringi ya nne. Fundi mkuu atauliza kwa nini zile tatu zilikufa. Huenda mota na pampu havikukaa kwenye mstari mmoja, na shafti inavutwa pembeni kila inapozunguka. Huenda maji yanaingia. Huenda mtu anajaza grisi kupita kiasi akidhani anasaidia, kumbe grisi nyingi nayo huzidisha joto. Usipopata chanzo, utanunua vipuri mpaka mfuko utoboke.

Kosa jingine linalounguza mota nyingi ni umeme wa njia tatu kupungukiwa na njia moja. Mota inaendelea kuzunguka huku ikinguruma, njia mbili zilizobaki zikibeba mzigo wa tatu, na baada ya muda mfupi waya za ndani huungua. Kifaa cha ulinzi kilichopangwa sawasawa huizima mapema. Aliyekiruka kifaa hicho kwa kipande cha waya "ili kazi iendelee" amejitafutia gharama ya mota mpya.

Kufuli la kila fundi

Sasa tufike kwenye jambo linalogusa uhai. Hatari kubwa ya fundi ni mashine kuwashwa wakati mkono wake uko ndani. Ndiyo maana viwanda vinavyojali usalama hufuata hatua hizi kila mara:

1. Waambie wote wanaohusika kwamba mashine inazimwa kwa matengenezo.
2. Zima mashine, kisha kata umeme kwenye swichi kuu. Kubonyeza kitufe cha kuzimia peke yake hakutoshi.
3. Funga swichi hiyo kwa kufuli na utundike kibao chenye jina lako. Mkiwa watano, yawe makufuli matano, na kila mtu abaki na ufunguo wake mfukoni.
4. Ondoa nguvu iliyobaki: mvuke, presha ya hewa au mafuta, springi iliyobanwa, mzigo ulioning'inia.
5. Jaribu kuiwasha. Isipowaka, ndipo uguse.

Kufuli hufunguliwa na mwenye kufuli. Meneja akiwa na haraka kiasi gani, fundi mkuu anatakiwa kuwa na ujasiri wa kumwambia: "Bado, bosi, kuna mtu ndani." Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri aweke mazingira salama ya kazi, na mashine hatari ziwe na kinga. Mfanyakazi akiumia kazini, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Michango ya mfuko huo hulipwa na mwajiri. Mfanyakazi hakatwi kwenye mshahara wake.

Huko kijijini, tazama mashine ya kusaga unakopeleka mahindi. Je, mkanda wake una kinga? Mkanda ulio wazi hunasa khanga, shuka au shati kufumba na kufumbua. Hakuna sababu ya kungoja mtu aumie ndipo wavu wa chuma utafutwe.

Kijana anaanzia wapi?

Njia ni zaidi ya moja. Aliyesoma VETA, Moshi au kwingineko, hupanda kutoka daraja la kwanza hadi la tatu katika fani kama umeme, ufundi mitambo au uchomeleaji. Anayelenga kuwa fundi sanifu huendelea na stashahada, kwa mfano Chuo cha Ufundi Arusha. Na yule aliyejifunza ufundi gereji au kwa mjomba wake bila cheti hajaachwa nyuma: VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Anayetaka kufunga umeme kwenye majengo na mitambo kama kazi yake aulizie leseni ya EWURA.

Cheti hufungua mlango, ila ukuu unakuja taratibu, kwa miaka ya kukaa na mashine zile zile msimu baada ya msimu na kwa kuwafundisha vijana. Fundi mkuu anayeficha ujuzi wake ili asipoteze nafasi anakiacha kiwanda yatima siku anayostaafu.

Unaweza kuanza wiki hii

Kama kikundi chenu kina mtambo wa kumenya kahawa, msisubiri siku ya kwanza ya mavuno kuuwasha. Uwasheni mapema bila kahawa, msikilize mlio, mkague mikanda, kinga na boliti zilizolegea. Wekeni beringi na mkanda wa akiba ghalani, maana duka la vipuri liko Moshi mjini na mtambo uko juu migombani. Kisha nunueni daftari moja na kalamu, mvifunge karibu na swichi, na kila anayetengeneza aandike tarehe, alichokikuta na alichokibadilisha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa katikati ya msimu ni ghali.