Duka lisilo na mlango: jinsi intaneti inavyogeuza kazi na biashara Malvern

MALVERN, Johannesburg – Anayepita Jules Street, barabara ndefu iliyonyooka kutoka Jeppestown hadi hapa Malvern, mashariki ya jiji la Johannesburg, bado ataona mambo yale yale ya siku zote: magari yaliyotumika yamepangwa uwanjani yakisubiri wanunuzi, mafundi wa matairi, saluni, washonaji na wauza vipuri. Lakini sehemu kubwa ya biashara ya mtaa huu haionekani tena barabarani. Imehamia ndani ya simu za mkononi.

Katika miaka ya 2000 intaneti ilikuwa ni mahali pa kwenda. Mtu alitoka nyumbani, akaingia kwenye kibanda chenye kompyuta chache na simu za kupiga nje, akalipia nusu saa, akaandika barua pepe, akatafuta kazi, akapiga simu Bukavu, Lubumbashi au Kigoma, kisha akarudi zake. Vibanda vya namna hiyo bado vipo vichache, lakini leo vinaishi zaidi kwa kuchapa na kunakili karatasi za watu kuliko kwa intaneti yenyewe. Intaneti imetoka kibandani ikaingia mfukoni, na ilipoingia mfukoni iliingia pia katika riziki zetu.

Sisi tunaoishi ugenini tumeyaona mabadiliko haya kwa karibu, pengine kuliko wenyeji. Mwenyeji ana ofisi, ana chama, ana ndugu wa kumtafutia kazi. Mgeni ana simu. Hivyo ni vizuri tujiulize, ndugu wasomaji: simu hii imetupa nini, na imetunyang'anya nini?

PICHA KABLA YA SAFARI

Tuanze na biashara ya mipakani. Kwa miaka mingi mfanyabiashara wa Lubumbashi aliyetaka bidhaa za Johannesburg alipanda basi mwenyewe. Alivuka Kasumbalesa, akapita Lusaka, Chirundu, Harare na Beitbridge, akafika hapa amechoka, akalala kwa mtu wa kwao, akazunguka madukani siku kadhaa na fedha taslimu kiunoni. Wezi waliijua njia hiyo, na baadhi ya askari waliijua pia.

Leo wengi wao hawasafiri tena kila mara. Mtu wao aliyeko Malvern anakwenda dukani, anapiga picha, anazituma kwa WhatsApp, bei inajadiliwa kwa sauti iliyorekodiwa, na mzigo unafungwa na kupakiwa kwenye lori. Aliyekuwa mwenyeji wa kumlaza mgeni amekuwa wakala anayelipwa kwa kila mzigo. Ni kazi mpya kabisa, ambayo haina jina katika daftari la serikali yoyote, lakini inalisha familia nyingi katika mitaa hii.

Hata hivyo mkono uliomwinua wakala huyu ndio unaoweza kumwangusha. Mteja wa Lubumbashi aliyejifunza kununua kwa picha kutoka Johannesburg anaweza kununua kwa picha kutoka Guangzhou vile vile, bila kupitia Malvern. Kwenye magari, kampuni za Japani kama BE FORWARD zinamwonyesha mnunuzi wa Zambia au Kongo gari likiwa bado bandarini huko kwao. Nao wauza nguo wa Jules Street wanashindana na Shein na Temu, kampuni zinazomletea mteja nguo hadi mlangoni. Kweli, tangu tarehe 1 Septemba 2024 mamlaka ya kodi ya Afrika Kusini inatoza VAT ya asilimia 15 juu ya ushuru kwa vifurushi vidogo vya bei isiyozidi randi 500. Lakini kodi peke yake haitamrudisha mteja aliyekwisha kuzoea.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika zama hizi chema nacho sharti kijitembeze, tena kila siku. Ndiyo maana mama anayeuza pondu, fumbwa na samaki wa chumvi huamka na kuweka picha za bidhaa zake kwenye simu kabla hajapika chai.

FEDHA IMEPATA MABAWA

Badiliko kubwa zaidi liko kwenye fedha. Zamani fedha ya nyumbani ilikwenda na dereva wa basi au na msafiri mwaminifu, na mara nyingine uaminifu huo uliishia mpakani. Kenya ilifungua mlango mwaka 2007 kwa M-Pesa ya Safaricom. Tanzania ikafuata mwaka 2008, na Kongo mwaka 2012. Cha kushangaza ni kwamba Afrika Kusini yenyewe, nchi yenye makao ya Vodacom, huduma hiyo ilianzishwa mwaka 2010 na ikafungwa mwaka 2016. Wenyeji wengi walikuwa na benki tayari, na benki hizo zilikuwa na njia zao, kama eWallet ya FNB inayomwezesha mtu kutoa fedha kwenye mashine bila kadi.

Kwa hiyo tunaishi kati ya dunia mbili. Hapa tunatumia benki, na huko kwetu wanatumia simu. Kampuni kama Mukuru, Mama Money na Hello Paisa zimejenga daraja katikati: unaagiza kwa simu, unalipa dukani au benki, na ndugu yako anapokea. Daraja hilo lina ushuru wake. Kwa miaka mingi takwimu za Benki ya Dunia zimeionyesha Afrika Kusini kuwa nchi ghali kuliko nyingine zote za kundi la G20 katika kutuma fedha nje, wastani ukipita asilimia 10, wakati lengo la Umoja wa Mataifa ni kushuka chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030. Ukituma randi 1,000, mia moja na zaidi inaweza kubaki njiani.

Umuhimu wa daraja hili ulionekana wazi mwaka 2025. Waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari, benki zilifunga milango. Kwa familia nyingi simu ndiyo ilibaki njia ya kupokea chochote, ingawa noti zilikuwa adimu na mawakala wakapandisha malipo yao. Mwana aliyeko Malvern aliweza kumlisha mzazi aliyeko ndani ya mji ambao hakuna benki iliyokuwa wazi. Hilo halikuwezekana katika vita vya mwaka 1996 wala vya 1998.

Lakini kilicho chepesi kutumwa ni chepesi kukatwa. Kongo ilifunga intaneti tangu tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, kwa muda wa karibu wiki tatu. Tanzania ilifanya hivyo siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, kwa siku kadhaa. Watawala husema wanazima uvumi. Wanachozima pia ni duka la mama, kazi ya dereva na habari za mgonjwa.

BOSI ASIYEONEKANA

Tuje kwenye ajira. Uber ilifika Johannesburg mwaka 2013. Taxify, ambayo tangu 2019 inaitwa Bolt, ikafuata mwaka 2016. Wakongomani wengi wenye elimu, walimu na wahandisi ambao vyeti vyao havikutambuliwa hapa, walijikuta nyuma ya usukani. Wengine wakapanda pikipiki za kupeleka chakula, hasa baada ya duka la Checkers kuanzisha huduma yake ya Sixty60 mwezi Novemba 2019 na baada ya korona kuwafungia watu majumbani mwaka uliofuata.

Kazi hii ina neema yake. Haikuulizi lafudhi, haikuulizi unamjua nani. Lakini bosi wake haonekani. Kampuni inakata sehemu yake, ambayo kwa Uber hufika robo ya nauli. Mwenye gari anataka kodi yake ya wiki. Mafuta na matengenezo ni juu ya dereva. Mteja mmoja akilalamika, programu inaweza kumfungia dereva usiku huo huo, na hakuna mlango wa kubisha wala meza ya kupiga ngumi.

Swali la kama dereva ni mfanyakazi au mfanyabiashara lilifika mbele ya sheria. Mwaka 2017 tume ya usuluhishi wa kazi, CCMA, ilisema madereva wa Uber ni wafanyakazi. Januari 2018 Mahakama ya Kazi ikautengua uamuzi huo, kwa sababu kampuni iliyoshtakiwa ilikuwa tawi la Afrika Kusini, si ile ya Uholanzi yenye mkataba na madereva. Yaani bosi haonekani hata mahakamani.

Hatari ya mwili nayo ipo. Madereva wa mtandaoni wamekuwa wakipigwa na kuchomewa magari kwa ugomvi wa abiria na watu wa teksi za kawaida. Agosti 2025 dereva mmoja aliuawa nje ya Maponya Mall, Soweto. Mwezi uliofuata serikali ilitangaza kanuni zinazodai leseni maalum ya kazi hiyo, alama kwenye gari na kitufe cha dharura kwa abiria. Usalama wa abiria ni jambo jema. Ila kwa mgeni kila leseni mpya inarudisha swali lile lile la zamani: karatasi zako ziko wapi?

KARATASI NDIYO UFUNGUO

Hapa ndipo penye kidonda. Sheria ya wakimbizi ya Afrika Kusini ya mwaka 1998 inampa mwombaji hifadhi kibali cha kifungu cha 22, na aliyekubaliwa hupata cha kifungu cha 24. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Watchenuka, ilitambua kwamba kumnyima mwombaji hifadhi kazi kabisa kunaweza kumvunjia heshima ya utu wake. Zamani kibali kilichokwisha muda kilikuwa tatizo ukikutana na polisi. Sasa ni tatizo hata ukiwa umelala.

Angalieni mnyororo ulivyo. Benki, chini ya sheria ya mwaka 2001 inayozuia fedha haramu, inataka kibali kilicho hai. Kikiisha, akaunti inafungwa. Akaunti ikifungwa, programu ya udereva haina pa kulipia. Na programu yenyewe inataka kibali pia. Karatasi moja ikikwama, kila kitu kinakwama kwa siku moja: mshahara, kodi ya nyumba na fedha ya kutuma kwetu.

Ofisi za wakimbizi zilifungwa kwa korona Machi 2020, na mwaka 2021 wizara ya Home Affairs ikaanza kuongeza muda wa vibali kwa njia ya mtandao. Wengi walishukuru, maana foleni za alfajiri za Pretoria zilikuwa mateso. Lakini ombi la mtandaoni likichelewa kujibiwa, muombaji hana foleni hata ya kusimama. Foleni ya miguu angalau ilikuwa na mwisho unaouona.

MLANGO ULIOFUNGWA

Kuna sababu nyingine inayowafanya wafanyabiashara wa Malvern waipende simu, na si ya kujivunia. Mei 2008 watu zaidi ya 60 waliuawa katika ghasia dhidi ya wageni. Septemba 2019 vurugu zilizoanza Jeppestown zilipanda Jules Street, maduka yakavunjwa na magari ya kuuza yakachomwa moto yakiwa uwanjani. Aliyepoteza duka lake siku hiyo alijifunza kwamba mlango unaomkaribisha mteja humkaribisha adui pia.

Kwa hiyo wapo waliorudi kwenye biashara bila mlango. Bidhaa ziko chumbani, tangazo liko kwenye simu, mzigo unakwenda kwa huduma ya Paxi kupitia maduka ya PEP. Hakuna kioo cha kuvunja. Ni usalama, lakini ni usalama wa mtu aliyejificha. Duka la barabarani lilikuwa pia mahali ambapo Mzulu na Mkongomani walisalimiana, wakakopeshana, wakajuana majina. Watu wasiojuana majina ni rahisi kuchochewa, na uchochezi nao siku hizi unasafiri kwa intaneti hiyo hiyo, haraka kuliko mzigo wowote.

TUFANYE NINI?

Hatuwezi kurudi nyuma, wala hatutaki. Bei ya intaneti yenyewe imepungua kidogo: baada ya kelele za wananchi na ripoti ya Tume ya Ushindani ya Desemba 2019, Vodacom ilishusha gigabaiti moja ya mwezi kutoka randi 149 hadi 99 Aprili 2020, na 85 mwaka uliofuata. Kwa anayelipwa kwa siku bado ni nzito, lakini ni dalili kwamba wanyonge wakisema pamoja husikika.

Tunawashauri wenzetu mambo matatu. La kwanza, mali bila daftari hupotea bila habari: andika kila mauzo, na usitoe mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe wa malipo, maana ujumbe hughushiwa. Angalia akaunti yako mwenyewe kwanza. Mfumo wa PayShap, ulioanza Machi 2023, hufikisha fedha dakika hiyo hiyo, hivyo hakuna tena sababu ya kumwamini mtu anayesema fedha iko njiani. La pili, anza kuhuisha kibali mapema na utunze nakala na uthibitisho wa kila ulichotuma. La tatu, madereva na wapeleka chakula wajiunge na vyama pamoja na wenyeji, kwa sababu programu inayomfungia Mkongomani leo itamfungia Msotho kesho.

Simu inaweza kumpata mteja aliye mbali. Jirani wa ng'ambo ya barabara hatumpati kwa simu. Yeye inabidi tumfuate kwa miguu na kumsalimia.