Elimu maalum si kazi ya waliokosa nafasi

Asubuhi moja nilipanda matatu kutoka Komarock kwenda mjini. Abiria walijaa hadi mlangoni na muziki ulitikisa madirisha. Nyuma ya dereva alikaa mama mmoja na mwanawe wa kiume, umri wake kama miaka minane. Mtoto alikuwa ameziba masikio kwa viganja, akipiga mayowe na kujigonga kichwa kwenye kiti.

"Mama, huyo mtoto umemdekeza mno," mzee mmoja alisema. "Mchape kidogo atanyamaza," mwingine akadakia. Mama akainamisha kichwa, machozi yakimlengalenga.

Ndipo msichana mmoja aliyepakata vitabu akainuka. Alimwomba dereva apunguze muziki, kisha akasema, "Mama, tubadilishane viti. Hapa nilipo ni mbali na spika." Hakumgusa mtoto wala hakumsemesha. Kabla hatujafika Barabara ya Jogoo, mtoto alikuwa ametulia tuli, akihesabu magari kwa kidole.

Nilimuuliza msichana alijuaje la kufanya. Alijibu kwa haya kwamba anasomea elimu maalum katika chuo kikuu kimoja kidogo. Hakutaka kusema mtoto yule ana tatizo gani, kwani hiyo, alisema, ni kazi ya wachunguzi. Alichojua ni kwamba wako watoto ambao kelele huwaumiza kama vile moto unavyokuumiza wewe. Kisha akaniambia jambo lililonichoma moyo: babake mpaka leo hajakubali. Alitaka bintiye asomee biashara. "Ananiuliza nitafundisha wazimu hadi lini," alisema.

Msomaji mpenzi, huenda nawe ni mzazi wa aina hiyo. Au ni mwanafunzi uliyepata gredi yako ya KCSE, na kila unapotaja elimu maalum sebuleni watu wanatazamana. Basi tuizungumze kazi hii kinaganaga.

Kwanza, si jambo geni hapa kwetu. Shule ya Vipofu ya Thika ilianzishwa mwaka 1946 na Jeshi la Wokovu. Mwaka 1984 serikali, kwa msaada wa Denmark, ilianza kufungua vituo vya kuwachunguza watoto ili ijulikane nani haoni vizuri, nani hasikii na nani anahitaji kufundishwa kwa njia nyingine. Miaka miwili baadaye, mwaka 1986, iliundwa Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani. Kutoka Komarock unaweza kupitia Barabara ya Outer Ring. KISE hutoa vyeti na diploma. Anayetaka shahada anaweza kutazama vyuo kama Kenyatta, kule Kahawa, au Maseno.

Pili, si masomo ya kubembeleza watoto. Chukua maandishi ya breli. Yalibuniwa na Mfaransa Louis Braille, aliyezaliwa mwaka 1809 na kupoteza macho akiwa mtoto mdogo kwa ajali katika karakana ya babake. Kila herufi hutokana na nukta sita tu. Lakini anayeandika kwa ubao na msumari hutoboa karatasi kutoka kulia kwenda kushoto, ili karatasi ikigeuzwa isomeke kutoka kushoto kwenda kulia. Jaribu kuandika jina lako hivyo, ndipo utamheshimu mwalimu anayewafundisha darasa zima.

Lugha ya Ishara ya Kenya nayo ina sarufi yake. Si kupunga mikono. Katiba ya 2010 imeitambua hata kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuingia shule iliyo katikati ya jamii. Nao mtaala ulioanza kutekelezwa nchini mwaka 2019 una njia ya pekee kwa watoto wasioweza kufuata masomo ya kawaida: wanapanda kwa hatua wanazomudu, si kwa umri wao. Haya yote yanahitaji walimu. Sheria haimfundishi mtoto kufunga vifungo vya shati.

Sasa tuje kwa vyuo vikuu vidogo, kwa kuwa wengi wenu mtaitwa huko. Chuo kidogo kina faida yake. Wanafunzi ni wachache, mhadhiri anakujua kwa jina, na ukikosa darasa unaulizwa. Lakini usilipe karo kwa kuvutiwa na tangazo lenye picha nzuri. Uliza maswali haya.

Je, chuo na kozi yenyewe vimeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu? Je, Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, itakusajili ukimaliza? Nenda kwenye ofisi zao uulize mwenyewe, ukiwa na matokeo yako mkononi, kwa maana anayetaka kufundisha sekondari huhitajika kuwa na masomo mawili ya kufundisha aliyoyapita vizuri. Je, chuo kina mashine za breli, kifaa cha kupima masikio na mwalimu ambaye mwenyewe ni kiziwi? Na mazoezi ya kufundisha utayafanyia shule gani? Chuo kinachobabaika kwa maswali haya, kiache.

Nisikufiche, kazi yenyewe ina uchovu. Utakaa muhula mzima ukimfundisha mtoto kushika kijiko, na likizo moja itamrudisha nyuma. Hutatangazwa magazetini matokeo yanapotoka. Lakini siku atakayokula bila kulishwa, mamake ataweza kutoka nyumbani kwenda kutafuta riziki. Hapo utakuwa umewaokoa wawili.

Ewe mzazi unayemcheka binti wa mwenzio, kumbuka hujafa hujaumbika. Ajali ya barabarani, homa ya uti wa mgongo, uzazi mgumu: mlango wa ulemavu hauna kufuli. Siku ukibishiwa wewe, hutamtafuta mfanyabiashara. Utamtafuta msichana kama yule wa matatu.

Tulipofika mjini, mama alimshika msichana mkono akashindwa kusema. Mtoto hakuaga, wala hakutazama nyuma. Lakini yule mzee aliyetaka achapwe alikuwa amemshikia mama mkoba wake hadi akashuka. Hata sisi abiria tulikuwa tumefundishwa, na karo hatukulipa.