Picha Isiyo na Ulimi

Rubani aurukiapo mji wa Webuye asubuhi isiyo na mawingu, kamera iliyofungwa tumboni mwa ndege yake ndogo hunasa kila kitu: Mto Nzoia na maporomoko ya Nabuyole, reli iendayo Malaba, kilima cha Chetambe walikopambana Wabukusu na Waingereza mwaka 1895, na kiwanda cha karatasi kilichowahi kufungwa mwaka 2009. Kila picha huifunika iliyotangulia kwa takriban asilimia 60, ili mpimaji akizitazama mbili kwa lenzi pacha aone milima ikiinuka na mabonde yakididimia.

Naam, kila kitu isipokuwa majina.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ndege za jeshi la anga la Uingereza zilipiga picha sehemu kubwa ya Kenya. Picha za namna hiyo ndizo zilizozaa ramani za kipimo cha 1:50,000 ambazo walimu wa jiografia wanazifahamu vyema. Lakini jina halionekani kutoka angani. Sharti mtu ashuke, aulize, aandike asikiavyo. Hapo ndipo taaluma yangu ya isimu inapopata kazi. Asiyeijua sauti ya "kh" ya Lubukusu ataliandikaje jina Misikhu, au Sitikho? Na asiyeuliza hubandika lake: Webuye yenyewe iliitwa Broderick Falls enzi za mkoloni.

Yuko atakayesema huu ni mchezo wa wasomi. La hasha! Ardhi ilipokuwa ikisajiliwa, wenye mashamba katika sehemu nyingi za nchi walitakiwa kupanda ua mipakani ili uonekane katika picha za angani. Shamba likapewa nambari. Nambari ikaingia katika hati. Majina ya vijito na miti iliyotambulisha mipaka yakabaki vinywani mwa wazee. Ua hung'olewa usiku mmoja. Mzozo ukizuka, mahakama huuliza nambari, mzee hutaja jina. Nani atawafasiria?

Walimu wa Webuye, Bungoma na Kitale, wapeni wanafunzi nakala za picha hizo wakati wa likizo, waende nazo kwa babu na nyanya zao. Waulize kila kijito kinaitwaje, na nani alikiita hivyo. Mahali Wabukusu na Wasabaoti wanapoishi pamoja, kijito kimoja huenda kina majina mawili, na jina la pili huweza kuzusha ugomvi. Wayaandike yote mawili.