Saratani ya Utumbo Mpana kwa Mwenye Maradhi Mengine: Je, Upasuaji wa Matundu Unafaa?

Mkazi wa Tunduma mwenye kisukari au shinikizo la damu akiona damu katika choo, aghalabu hudhani ni bawasili. Hata akielezwa kuwa ana uvimbe, hukata tamaa: “Na presha yangu hii, nani atanipasua?” Swali hilo lina jibu.

Katika upasuaji wa matundu, daktari huingiza kamera na vifaa vyembamba tumboni kupitia matundu madogo, kisha hutoa sehemu ya utumbo yenye saratani kupitia mkato mfupi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2004, uliohusisha wagonjwa 872, ulionyesha kwamba saratani ya utumbo mpana hairudi zaidi kwa njia hii kuliko kwa kufungua tumbo, na mgonjwa hutoka hospitalini mapema.

Kwa mwenye maradhi mengine, faida hiyo ina uzito wa pekee. Maumivu yakipungua, hupumua kwa kina na kutembea mapema; hatari ya nimonia na ya damu kuganda miguuni hupungua. Mwenye kisukari, ambaye vidonda vyake hupona polepole, hubaki na jeraha dogo.

Hata hivyo, tumbo hujazwa hewa ya kabonidayoksaidi, na mara nyingi mgonjwa hulazwa kichwa kikiwa chini. Hali hiyo hubana mapafu na kuuongezea moyo kazi. Kwa mwenye moyo dhaifu au mapafu yaliyoharibika sana, huenda kufungua tumbo kukawa salama zaidi. Uamuzi huo ni wa daktari wa upasuaji, mtaalamu wa usingizi na mgonjwa mwenyewe.

Mhudumu wa zahanati, usimpe mgonjwa dawa ya bawasili kabla ya kumchunguza njia ya haja kubwa kwa kidole na kupima wingi wa damu. Unapompa rufaa kwenda Vwawa au Mbeya, andika maradhi yake yote na kila dawa anayotumia.

Nawe mgonjwa, usifiche kitu, zikiwemo dawa za kufubaza VVU, wala usiache vidonge bila ushauri. Sukari, presha na upungufu wa damu huweza kurekebishwa kabla ya upasuaji. Lakini utumbo ukiziba, upasuaji huwa wa dharura, na nafasi ya maandalizi hayo hupotea.