Nyumba Kuukuu ya Mbao Ikigeuzwa Ghala: Mambo ya Kukagua Kabla ya Mavuno

Katika mashamba mengi ya Trans Nzoia, na kwa majirani zetu wa Tongaren katika Kaunti ya Bungoma, bado zimesimama nyumba za mbao zilizojengwa na walowezi. Walowezi hao walianza kugawiwa ardhi hii kwa wingi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, chini ya mpango wa mwaka 1919 wa kuwapa mashamba waliokuwa wanajeshi wa Uingereza. Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Uhuru ulipokaribia, na hata baadaye, mashamba mengi yalinunuliwa na kugawanywa kuwa skimu za makazi. Nyumba zilibaki. Leo baadhi yake hazilali watu tena, zinalala mahindi.

Nyumba ya aina hii yaweza kuwa ghala zuri, mradi mwenyewe aelewe ilivyojengwa.

Mzigo unabebwa na nini?

Katika nyumba ya mawe au matofali, ukuta wenyewe hubeba paa. Katika nyumba ya fremu ya mbao, kazi hiyo hufanywa na nguzo na mihimili. Uzito wa paa hupitia kwenye kenchi, ukashuka kwenye mhimili wa juu ya ukuta, kisha kwenye nguzo, hadi kwenye msingi. Mbao za nje ni ngozi tu ya kuzuia mvua na upepo. Kati ya nguzo huwa kuna mbao za mshazari zinazozuia nyumba isiinamie upande mmoja. Usikate nguzo wala ubao wa mshazari ili kupanua mlango wa kupitishia magunia. Ukuta hautaanguka siku hiyo. Utaanza kuegama polepole, na siku ya upepo mkali ndiyo utakayoyaona matokeo.

Angalia pia aina ya mbao. Mtarakwa una mafuta ya asili yanayoukinga dhidi ya mchwa, na ndiyo sababu hupendwa kwa nguzo za ua. Podo haina kinga hiyo. Choma sehemu ya chini ya kila nguzo kwa bisibisi: ikizama kwa urahisi, nguzo hiyo imeoza au imeliwa.

Sakafu

Nyumba nyingi za mbao ziliinuliwa juu ya vinguzo vifupi ili hewa ipite chini. Hii ni faida kubwa, kwa kuwa unyevu wa ardhini haupandi moja kwa moja hadi kwenye magunia. Usizibe nafasi hiyo, wala usiijaze takataka.

Lakini sakafu hiyo ilitengenezewa vitanda, meza na watu. Sakafu ya mbao ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa mita 4 kina mita za mraba 16. Kwa kilo 150, chumba kizima kinabeba kilo 2,400, yaani magunia 26 ya kilo 90, tena yakiwa yametandazwa. Ukipanga magunia matano moja juu ya jingine, kilo 450 zinakaa mahali pa karibu nusu mita ya mraba. Huo ni mzigo mara kadhaa ya kiwango hicho. Ongeza vinguzo na mihimili chini ya sakafu kwanza, ukisaidiwa na fundi, au punguza magunia.

Kuta

Usimwage mahindi yaliyopukuchuliwa chumbani yakaegemea ukuta. Nafaka husukuma pembeni kama maji. Mbao za nje zilipigiliwa misumari kutoka nje: upepo huzisukuma ndani, zikakazana na nguzo, lakini mahindi huzisukuma nje, yaking'oa misumari. Tumia magunia, uyaweke juu ya paleti, na uache nafasi ya kupita mtu kati yake na ukuta. Kama rangi ya zamani inabanduka, iondoe magamba yake mbali na nafaka, kwa kuwa rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi.

Paa na dohani

Usiku wa baridi, hewa yenye unyevu ikigusa bati hugeuka matone. Kama dari imetoboka, matone huangukia magunia. Ziba matundu ya dari, rekebisha bati linalovuja, na uache matundu ya hewa wazi yakiwa na wavu wa kuzuia panya na ndege. Dohani isiyotumika ifunikwe juu, maana ni mlango wa mvua na panya.

Wadudu na kuvu

Dumuzi, aliyeonekana nchini mara ya kwanza Taveta mwaka 1983, hutoboa pia mbao. Kwa hiyo ghala tupu la mbao si lazima liwe safi. Fagia nyufa zote, choma mabaki ya msimu uliopita, na usichanganye mahindi mapya na ya zamani.

Hatari kubwa zaidi ni sumu ya kuvu, aflatoksini. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na kupika hakuiondoi. Mahindi yakaushwe hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5. Bila kipima unyevu, tia mahindi kwenye chupa kavu ya kioo hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, kisha tikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15: rudisha mahindi juani. Isipoganda, yanakaribia kufaa, lakini kipimo cha mashine ndicho cha uhakika.

Kabla ya kubomoa

Chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006, jengo lililotangazwa kuwa turathi haliguswi bila idhini. Si kila nyumba kuukuu imetangazwa, kwa hiyo uliza kwanza katika Makavazi ya Kitale.

Mavuno yetu huanza karibu na Oktoba. Mwite fundi na afisa wa kilimo wa wadi yako mapema, nyumba ikiwa bado tupu. Sakafu ikishafunikwa na magunia, hakuna atakayeweza kuikagua.