Ruzuku za kufufua sanaa Marekani: Fedha ziliifikiaje miji midogo?

Machi 2020 kumbi za maonyesho kote Marekani zilifungwa kwa sababu ya Uviko-19. Kwa kikundi cha maigizo au okestra ya mji mdogo, tiketi ziliacha kuuzwa lakini kodi ya pango iliendelea kudaiwa. Serikali ya shirikisho ilitenga fedha za kuyanusuru makundi hayo. Tunaeleza zilipita njia gani, na kwa nini baadhi hayakuambulia kitu.

Kwa nini mashirika haya yalitetereka haraka?

Mengi yamesajiliwa kama mashirika yasiyo ya kibiashara chini ya kifungu cha 501(c)(3) cha sheria ya kodi. Hayana wenye hisa, na kinachopatikana hurudi kwenye kazi. Yanasamehewa kodi ya mapato, lakini akiba yao kwa kawaida ni ndogo. Maonyesho yaliposimama, hafla za kuchangisha fedha nazo zilisimama.

Fedha zilitoka wapi?

Machi 2020 Bunge la Marekani liliupa Mfuko wa Taifa wa Sanaa, NEA, dola milioni 75. Machi 11, 2021, Rais Joe Biden alitia saini sheria nyingine iliyouongezea mfuko huo dola milioni 135. Asilimia 40 ya fedha hizo zilikwenda kwa mabaraza ya sanaa ya majimbo na mashirika ya kikanda, yakiwemo South Arts na Arts Midwest, ili yagawe ruzuku ndogo katika maeneo yao. Novemba 2021, mashirika 66 ya sanaa ya miji na wilaya yalitengewa dola milioni 20.2, nayo mengi yakazigawa kwa vikundi vya huko. Januari 2022, mashirika 567 yalitangaziwa jumla ya dola milioni 57.75 moja kwa moja.

Ngazi hizi zilikuwa na maana yake. Ofisi iliyoko Washington haiwezi kujua ni kikundi gani cha ngoma kinachobeba vijana wa wilaya nzima. Baraza la jimbo au la mji lina nafasi kubwa zaidi ya kukijua.

Ruzuku ililipia nini?

Mishahara, malipo ya wasanii, pango, umeme, vifaa vya kinga na matangazo. Walioomba moja kwa moja NEA walichagua kiwango cha dola 50,000, 100,000 au 150,000. Kwa kawaida NEA humtaka mwombaji achangie kiasi kinacholingana na ruzuku. Safari hii sharti hilo liliondolewa, kwani asiye na kitu angechangia nini?

Nani aliachwa nje?

Kulikuwa na mpango mwingine mkubwa zaidi, wa zaidi ya dola bilioni 16, kwa kumbi zilizofungwa. Tovuti yake ya maombi ilifunguliwa Aprili 8, 2021, ikakwama siku hiyo hiyo, na kufunguliwa tena Aprili 26. Ruzuku ya kwanza ilikokotolewa hadi asilimia 45 ya mapato ya shughuli ya mwaka 2019, isizidi dola milioni 10. Hapo ndipo wadogo walipobanwa: anayepiga muziki bure bustanini kwa michango ya wahisani hakuwa na mauzo ya kuonyesha, hata kama mji mzima ulikuwa ukihudhuria.

Isitoshe, mwombaji wa fedha za shirikisho lazima awe kwenye daftari la serikali. Usajili huo ni bure, lakini huweza kuchukua wiki kadhaa, na kikundi kisicho na mhasibu huanza kikiwa nyuma.

Kwa vikundi vya sanaa vinavyotusoma, tunasisitiza jambo moja: usajili hai, hesabu za kila mwaka na orodha ya maonyesho viandaliwe wakati wa neema. Dirisha la ruzuku linapofunguliwa, halimsubiri anayetafuta risiti.