Istilahi za Ufundi wa Vinanda vya Umeme: "Kuteleza" au "Kuhama"?

Msomaji wetu mmoja wa Bariadi, mkoani Simiyu, ametuletea karatasi za maelezo ya kutengeneza sintesaiza, yaani kinanda cha umeme kiundacho sauti, zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Anauliza kwa nini fundi aliyezifuata hatua kwa hatua hakufanikiwa. Tumezisoma. Sarufi yake haina ila. Kasoro imo katika istilahi.

Yafaa ieleweke kwanza kuwa katika vinanda vya kale vya aina hii, kama Minimoog iliyotolewa Marekani mwaka 1970, noti hutokana na kiasi cha volti. Katika mfumo ulioenezwa na Robert Moog, volti 1 ikiongezeka sauti hupanda oktavu 1 nzima. Kwa hiyo hata sehemu moja ya 12 ya volti huisogeza kwa nusu toni. Tena transista ziendeshazo osileta huathiriwa na joto. Kinanda kilicholinganishwa asubuhi ya baridi, ifikapo adhuhuri chini ya paa la bati, huwa kimekwisha kuachana na waimbaji.

Hali hiyo mfasiri ameiita "kuteleza". Fundi alipolisoma neno hilo alidhani vibonyezo ndivyo vitelezavyo, akavifungua vyote, akavisafisha kwa spiriti na kuvirudisha. Hali ikabaki ile ile, na fedha ya mwenye kinanda ikawa imekwenda. Ajabu ni kwamba fundi huyo huyo, redio inapoacha kituo polepole, husema kituo "kimehama". Neno analo tayari! Tunapendekeza basi "mhamo wa sauti". Ajuaye kuwa ni mhamo hatakimbilia kubadilisha vifaa. Ataacha kinanda kiwake kwa nusu saa hivi, ndipo akilinganishe.

Neno "kipaza sauti" nalo limetumiwa katika karatasi hizo kwa maana tatu: maikrofoni, spika, na chombo kikuzacho mkondo. Ni kama kuita kinywa, koo na kifua kwa jina moja, kisha kumtuma mganga atibu. Chombo hicho cha tatu na kiitwe "kikuza sauti".

Lililotutia hofu zaidi ni agizo fupi: "Zima kabla ya kugusa." Kuzima hakutoshi. Kapasita huweza kuhifadhi chaji hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, na katika vikuza sauti vya kale vya valvu chaji hiyo yaweza kuua. Agizo lisomeke: "Zima, chomoa, ondoa chaji kwenye kapasita, kisha pima kwa mita kabla ya kugusa."

Masahihisho tumekwisha kuyapeleka Bariadi. Walimu wa shule za ufundi walio na neno fupi kuliko "kuondoa chaji" wanaombwa watuletee.